Chini ni Wapi? Mipangilio Minne ya Mvutano na Milango Yake katika Ramani za Meli za Anga za Kubuni

Anayeketi kuchora ramani ya meli ya anga kwa ajili ya hadithi, katuni au mchezo wa mezani huanza mara nyingi na chumba cha usukani, kwa kuwa ndipo nahodha atakapoketi. Kisha huongeza ushoroba, vyumba vya kulala na jiko, na mwishoni hukata mapengo katika kuta zilizokwisha kusimama na kuyaita milango. Ramani yangu ya kwanza niliichora hivyo, na hadithi ilipofika mahali injini inapozimwa ghafla nikagundua kwamba sikujua kama watu wangu wangeelea, wangeanguka au wangeendelea kunywa chai. Tangu hapo naanza na swali la chini ni wapi, na mlango naufikia baadaye, kwa maana mlango una juu na chini, una upande wa kufungukia na upande wa kufungia, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuamuliwa kabla ya swali hilo kujibiwa.

Majibu yanayotumika sana ni manne: meli iliyopangwa kama mnara, ambamo msukumo wa injini ndio unaowapa watu uzito, meli ya gurudumu, inayozunguka, meli ambamo watu huelea tu, na meli yenye sakafu ya kubuni inayovuta kwa uwezo ambao sayansi haijaupata. Neno mvutano nitalitumia kwa kila hali inayomfanya mtu ahisi uzito miguuni, ingawa mwanafizikia angesema kwamba katika mipangilio miwili ya kwanza hakuna kinachomvuta mtu, bali sakafu ndiyo inayomsukuma.

Vigezo

Ili ulinganisho uwe wa haki, meli itakuwa moja katika hali zote nne: meli ya mizigo yenye wafanyakazi 12, inayosafiri kati ya Dunia na Mirihi, yenye chumba cha usukani, jiko, zahanati, vyumba vya kulala, karakana, ghala na chumba cha injini. Tukio nalo litakuwa moja: mpishi ameungua mkono, anahitaji kufika zahanati, na akiwa njiani kengele ya kuvuja kwa hewa inalia.

Kila mpangilio utaulizwa mambo manne. La kwanza ni chini yenyewe: iko upande gani, na katika safari moja hubadilika mara ngapi. La pili ni milango: huwekwa wapi, huwa na ukubwa gani na hufunguka kuelekea wapi. La tatu ni siku ya ajali, yaani hewa ikitoka katika chumba kimoja, ni nini kinachowalinda walio katika chumba cha pili, ikikumbukwa kwamba mtu aliyekosa hewa kabisa hubaki na fahamu kwa sekunde 10 hadi 15 tu. La nne ni kalamu: ramani huchorwaje kwenye karatasi bapa, na msomaji huielewa kwa urahisi gani. Gharama ya kuijenga meli sikuiweka, kwa kuwa hakuna atakayeijenga.

Mnara unaosukumwa na injini

Injini inaposukuma meli kwa mchapuko wa mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, yaani g 1, mtu aliye ndani hutembea kama anavyotembea duniani, na chini huwa upande wa injini. Kwa hiyo sitaha hupangwa moja juu ya nyingine kama orofa za jengo. Kosa la kawaida la wachoraji ni kuzilaza kwa urefu wa meli, kana kwamba ni chombo cha baharini chenye omo mbele na tezi nyuma. Katika mnara, omo ndiyo paa na tezi ndiyo msingi.

Uzito huo hudumu kadiri injini inavyowaka. Roketi za leo huwaka kwa dakika chache kisha huelea kwa miezi, hivyo anayechagua mnara amekubali kubuni injini ambayo haipo. Akishaibuni, hupata safari za haraka ajabu: Mirihi ikiwa umbali wa kilomita milioni 225, g 1 isiyokatika ingeifikisha meli kwa takriban siku 3 na nusu, nusu ya kwanza ikiongeza kasi na nusu ya pili ikiipunguza. Katikati ya safari meli hugeuka, injini ikiwa imezimwa, na kwa muda huo watu wote huelea; kisha chini hurudi palepale ilipokuwa. Meli ikitua kwa mkia, chini ya safarini na chini ya ardhini ni ile ile. Ikitua kwa tumbo, kila ukuta hubadili kazi, na jambo hilo halikubuniwa na waandishi wa hadithi: wanaanga wa Space Shuttle, iliyoruka kati ya 1981 na 2011, waliingia chomboni kikiwa kimesimama wima, wakaketi chali, na kile walichokiita sakafu wakati wa kutua kilikuwa ukuta wakati wa kuondoka.

Milango ya mnara ni ya aina mbili. Ndani ya sitaha moja ni milango ya kawaida ya kusimama, na katika hiyo hakuna la ajabu. Kati ya sitaha na sitaha ni milango ya sakafuni yenye ngazi, na hapa ndipo ramani nyingi zinapokosea, kwa kuchora ngazi moja ndefu inayopita katikati ya meli nzima. Meli yenye sitaha 10 za urefu wa mita 3 kila moja ina kina cha mita 30, na anayeteleza juu kabisa atafika chini akiwa na kasi ya karibu kilomita 87 kwa saa. Ngazi zipishane, ya sitaha hii ikiwa upande wa kulia na ya sitaha inayofuata upande wa kushoto, ili anayeanguka aanguke orofa moja tu. Upande wa kufungukia nao una maana yake. Mlango wa sakafuni unaofunguka kwenda juu hujifunga kwa uzito wake, na hewa ikitoka katika sitaha ya chini, shinikizo la juu huukandamiza mahali pake. Hewa ikitoka juu, shinikizo la chini huuinua kwa nguvu ya takriban tani 10 kwa kila mita mraba, na hapo kinachouzuia ni makomeo peke yake. Mchoraji aamue ni upande gani anautarajia uvuje, au aweke milango miwili.

Mpishi wetu yuko taabuni. Jiko likiwa sitaha ya tano na zahanati sitaha ya saba, atapanda ngazi mbili kwa mkono mmoja, huku milango ya sakafuni ikijifunga juu yake. Mnara hutenga hewa vizuri, kwa sababu kila sitaha ni chumba chenye kifuniko, lakini una njia moja tu ya kupita, na sitaha iliyofungwa katikati huwagawa wafanyakazi makundi mawili yasiyoweza kufikiana. Ndiyo maana mimi huweka jiko na zahanati katika sitaha moja, hata kama daktari analalamika kuhusu harufu ya vitunguu.

Kwa upande wa kalamu, mnara ni rahisi kuliko yote. Kila sitaha ni duara kwenye karatasi yake. Duara la kipenyo cha mita 8 hutoa eneo la mita mraba 50, ambalo linatosha vyumba viwili au vitatu. Ongeza mchoro mmoja wa ubavuni unaoonyesha sitaha zote kwa mpangilio, na msomaji hatapotea. Mpangilio huu humfaa mwandishi anayetaka uzito ufuate amri ya nahodha, kiasi kwamba neno "zima injini" liwe tukio ndani ya kila chumba.

Gurudumu linalozunguka

Huu ndio mpangilio uliofanyiwa hesabu nyingi na watu wasiokuwa waandishi wa hadithi. Mwaka 1952 mhandisi wa roketi Wernher von Braun alieleza kituo cha umbo la gurudumu chenye kipenyo cha takriban mita 76, kikizunguka mara 3 kwa dakika na kutoa uzito wa karibu theluthi moja ya ule wa duniani. Mwaka 1975 watafiti waliokutana chini ya NASA, shirika la anga la Marekani, katika Chuo Kikuu cha Stanford walipendekeza makazi ya watu 10,000 katika pete yenye kipenyo cha karibu kilomita 1.8, ikizunguka mara moja kwa dakika.

Chini ni upande wa nje, ukingoni, na juu ni kitovuni. Hesabu yake haimsamehe mchoraji mvivu. Ili kupata g 1 kwa mzunguko 1 kwa dakika, nusu kipenyo lazima kiwe mita 895. Kwa mizunguko 2, mita 224. Kwa mizunguko 4, mita 56. Anayeridhika na uzito wa Mirihi, g 0.38, anaweza kushuka hadi mita 21 kwa mizunguko 4. Kuzungusha kwa kasi zaidi ili kupunguza ukubwa kunawezekana kwenye karatasi, lakini mwili hukataa: majaribio yaliyofanywa Pensacola, Florida, katika miaka ya 1960, ambamo watu waliishi ndani ya chumba kinachozunguka, yalionyesha kwamba mzunguko 1 kwa dakika hauwasumbui wengi, mizunguko 3 huleta kichefuchefu kinachovumilika, na mizunguko 10 ni mateso kwa karibu kila mtu.

Ndani ya gurudumu dogo uzito hutegemea unaelekea wapi. Katika lile la mita 56, mtu wa kilo 70 anayetembea kufuata mzunguko hujihisi kama ana kilo 79, na akigeuka nyuma hujihisi ana kilo 61. Akikimbia mita 4 kwa sekunde, tofauti hufikia g 1.37 upande mmoja na g 0.69 upande mwingine. Mwandishi mwenye jicho kali atalitumia hilo: anayefukuzwa akijua gurudumu lake atajua pia akimbilie upande gani. Sakafu yenyewe imepinda. Chumba cha urefu wa mita 10 katika gurudumu hilo kina kuta mbili zilizopishana kwa takriban nyuzi 10, na meza ndefu iliyonyooka itaonekana kuelea katikati na kugusa sakafu kwenye ncha. Tena, injini kuu ikiwashwa kwa g 0.1 kufuata mhimili huku gurudumu likizunguka kwa g 1, chini huinama kwa karibu nyuzi 6, na kila bakuli la mchuzi hulijua hilo kabla ya rubani kutangaza.

Kuhusu milango, mlango wa bawaba za kawaida haudhuriki na mzunguko, na mlango wa kuteleza unaosogea sambamba na mhimili hautaona tofauti yoyote. Unaopata shida ni mlango wa kushuka kutoka darini, kwa kuwa kitu kinachoshuka ndani ya gurudumu husukumwa kando na athari ya Coriolis, yaani msukumo wa pembeni unaokipata kitu kinachosogea ndani ya chombo kinachozunguka: kwa mizunguko 4 kwa dakika, mlango unaoshuka kwa mita 2 kwa sekunde hukandamiza reli ya upande mmoja kwa nguvu ya karibu asilimia 17 ya uzito wake, na reli isiyopakwa grisi itakwama siku inayohitajika. Ngazi za ndani ya spoki, yaani mikono inayounganisha ukingo na kitovu, nazo hufuata sheria hiyo. Anayepanda kwenda kitovuni husukumwa kuelekea upande wa mzunguko, na anayeshuka husukumwa kinyume chake. Kwa hiyo ngazi isimame katikati ya spoki, ipandwe kutoka upande mmoja na ishukwe kutoka upande wa pili, ili kila mtu asukumwe kwenye ngazi badala ya kung'olewa kutoka kwayo. Ni jambo dogo ambalo wachoraji wachache hulichora, na ramani inayolionyesha huaminika papo hapo.

Siku ya ajali, gurudumu kamili lina zawadi ambayo mnara hauna: kila chumba kina njia mbili. Mpishi akikuta mlango wa kulia umefungwa kwa sababu ya kuvuja, atageuka na kuzunguka kwa upande wa pili hadi zahanati, ingawa katika gurudumu la mita 56 mzunguko mzima ni mita 352 na mkono wake hautamshukuru. Lakini tukiri kwamba kwa watu 12 gurudumu zima ni anasa. Meli ndogo huwa na vyumba viwili kwenye ncha za mkono mrefu, na hapo zawadi ya njia mbili hupotea, kwa sababu kila safari kutoka chumba hadi chumba hupitia kitovuni. Udhaifu wa pili uko kitovuni penyewe, iwapo mchoraji ataamua kwamba sehemu moja izunguke na nyingine itulie: kiungo hicho kinahitaji gasketi inayozunguka mchana na usiku bila kuvujisha hewa. Kuizungusha meli nzima ni uamuzi wenye matatizo machache zaidi.

Ramani ya gurudumu huchorwa kama utepe mrefu uliokunjuliwa, ncha ya kushoto ikiandikwa kwamba inaungana na ya kulia, pamoja na mshale mkubwa wa mwelekeo wa mzunguko. Msomaji mgeni atahitaji kuitazama mara mbili. Inamfaa anayeandika kuhusu safari za miaka au jamii inayolea watoto angani, na mwendesha mchezo ambaye wachezaji wake hupenda kufukuzana.

Kuelea bila uzito

Hapa ndipo wanadamu wa kweli wanapoishi: Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kimekaliwa bila kukoma tangu Novemba 2000. Chini haipo, lakini akili huidai. Katika kituo cha Skylab, kilichorushwa 1973, ukumbi mkuu ulikuwa na sakafu na dari zinazoeleweka, ilhali sehemu ya kuunganishia vyombo ilipangwa vifaa pande zote bila juu wala chini ya pamoja, na wanaanga hawakuipenda, wakipata shida kujua kitu kiko wapi. Katika kituo cha sasa taa huwekwa upande mmoja, maandishi husomeka kwa mwelekeo mmoja, na wafanyakazi husema sakafu na dari kwa makubaliano tu. Ramani nzuri ya meli ya kuelea huonyesha makubaliano hayo, na huonyesha pia mahali yanapovunjika, kwa mfano pale moduli mbili zilipounganishwa zikiwa zimegeuziana mgongo.

Mlango wa meli hii haulazimiki kuwa na urefu wa mtu, kwa kuwa mtu hupita kichwa mbele. Milango ya upande wa Kirusi wa kituo hicho ni miduara ya takriban sentimita 80, na ya upande wa Kimarekani ni miraba ya karibu mita 1.27 yenye pembe za mviringo, ili makabati ya vifaa yaweze kupita. Kinacholazimika kuwepo ni vishikio pande zote mbili za kila mlango, kwa sababu asiye na uzito akiuvuta mlango, mlango nao humvuta. Kizingiti kirefu, ambacho katika mnara huzuia maji yaliyomwagika, hapa hakina kazi.

Mpishi aliyeungua anaumia zaidi kuliko wenzake wa meli nyingine, kwa kuwa maji ya moto hayadondoki bali hung'ang'ania ngozi, lakini akishajisukuma kwa mkono mzima atafika zahanati bila kupanda chochote. Moshi haupandi darini. Hufuata upepo wa feni, na feni zikisimama hubaki pale ulipozaliwa, pamoja na hewa chafu inayotoka puani mwa aliyelala. Gharama ya mpangilio huu hulipwa na mwili: wanaanga hufanya mazoezi ya takriban saa 2 kila siku, na mifupa inayobeba uzito isiyotunzwa hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 kwa mwezi. Mwandishi anayewafikisha wahusika Mirihi baada ya miezi mingi ya kuelea asiwafanye waruke ngazini siku ya kwanza.

Mchoro wake ni mgumu kwa namna ya pekee, kwa sababu kuta zote sita za chumba hutumika, na ramani bapa huonyesha moja tu. Njia iliyonisaidia ni kuchora kila chumba kama boksi lililofunuliwa. Humfaa anayeandika kuhusu miaka ya karibuni, kituo kidogo na watu wachache, na hamfai anayetaka ramani ya kutembeza vikaragosi mezani.

Sakafu ya kubuni

Sakafu inavuta, na maelezo yameishia hapo. Meli inaweza kuwa na umbo la samaki, la sahani au la jumba la hoteli; milango ni ya nyumbani; mpishi hutembea hatua 15 kwenye ushoroba na kubisha hodi zahanati. Wapo wanaoudharau mpangilio huu, nami si mmoja wao, kwa kuwa hadithi ya mirathi au mapenzi iliyotokea angani haihitaji hesabu ya spoki.

Hata hivyo mchoraji ana deni la majibu mawili. Umeme ukikatika, uzito hukatika nao au hubaki? Na mpaka wa mvuto uko wapi, hasa pale sitaha mbili zinapokutana au mtu anapotoka mlango wa nje na kupoteza uzito hatua ya kwanza? Akishayajibu, ayafuate hadi mwisho, kwa maana msomaji humsamehe mwandishi aliyebuni sheria lakini huchukizwa na anayeisahau katika sura ya tisa. Siku ya ajali udhaifu wa mpangilio huu ni kwamba hausababishi chochote wenyewe: mnara una ngazi zake na gurudumu lina njia mbili, lakini hapa kila kikwazo lazima kiwekwe kwa makusudi, na kisipowekwa, meli huwa jengo la ofisi lenye nyota madirishani. Mchoro wake ni mwepesi kama wa nyumba.

Aina za milango zikilinganishwa

Katika mipangilio yote minne adui wa mlango ni hewa yenyewe. Shinikizo la kawaida la duniani, kilopaskali 101, likiwa upande mmoja tu wa mlango wa mita 1 kwa mita 2, huusukuma kwa nguvu inayozidi uzito wa tani 20. Hata tofauti ya kilopaskali 1, ambayo sikio litaihisi kidogo tu, ni mzigo wa kilo 200. Ndiyo sababu mlango halisi wa chombo cha anga huwa na vali ndogo ya kusawazisha hewa kabla ya kufunguliwa, na ndiyo sababu shujaa anayeuvuta mlango kwa mabega dhidi ya ombwe huchekesha badala ya kusisimua.

Mlango wa kizibo hukaa upande wenye hewa na kukandamizwa na hewa hiyo kwenye fremu, kama mlango wa ndege ya abiria. Kadiri nje panavyokosa hewa ndivyo unavyoziba, bila komeo wala umeme. Ubaya wake ulionekana tarehe 27 Januari 1967, wakati moto ulipozuka ndani ya chombo cha anga cha Apollo 1 kikiwa bado kwenye jukwaa la kurushia: mlango wa ndani ulifunguka kwa kuvutwa ndani, shinikizo lililopandishwa na moto likaukandamiza, na Virgil Grissom, Edward White na Roger Chaffee wakafa wasiweze kuufungua. Mlango uliobuniwa baadaye ulifunguka kwa nje na kwa haraka. Huo ndio mlango wa pili, wa bawaba na makomeo, ambao hutoa watu upesi lakini hutegemea chuma cha komeo kushika tani zote hizo. Katika ramani, wa kizibo hufaa mlango wa nje wa safari ndefu, na wa makomeo hufaa mahali watu watakapohitaji kukimbia. Mlango wa bawaba wenye upana wa sentimita 90 hufagia zaidi ya nusu mita mraba unapofunguka; wachoraji wa ramani za miraba ya mita 1.5 hulisahau hilo, kisha huweka kitanda hapohapo.

Mlango wa kuteleza haufagii kitu, na ndio unaopendwa na macho. Unahitaji mfuko ndani ya ukuta wenye upana sawa na mlango, hivyo ukuta huo hauwezi kubeba kabati wala mabomba. Tofauti ya hewa ikiwa kubwa, msuguano dhidi ya reli huweza kudai nguvu ya tani kadhaa ili usogee, na fremu ikipinda kwa mgongano haufungi tena. Kwa vyumba vya kulala na jiko, ambako kinachozuiwa ni sauti na harufu, hauna mpinzani.

Mlango wa mboni, wenye majani yanayojikunja kuelekea katikati, una uzuri wa kuweza kusimama nusu wazi na kupitisha mkono, kasha au paka. Kila jani lina kingo za kuzibwa, na kingo nyingi ni mianya mingi. Mafundi wa milango ya Lamu na Zanzibar walikuwa na mbao mbili tu za kukutanisha, na bado waliweka mfaa katikati kufunika ufa. Mwenye majani 12 na ajiulize mifaa yake iko wapi. Hufaa njia ya mizigo midogo kati ya vyumba vyenye hewa sawa, au meli ambayo uzuri wake ni sehemu ya hadithi.

Vyovyote iwavyo, nyaya zisipite mlangoni. Tarehe 25 Juni 1997 chombo cha mizigo cha Progress kiligonga moduli ya Spektr ya kituo cha anga cha Mir na hewa ikaanza kutoka. Mlango haukuweza kufungwa kwa sababu nyaya zilikuwa zimepitishwa humo, na wafanyakazi walilazimika kuzitenganisha na kuzikata kabla ya kuweka kifuniko. Kwenye ramani, mstari mmoja wa nyaya uliovuka mlango ni sura nzima ya hadithi, ukiuweka kwa makusudi.

Uchaguzi kwa kufuata hali

Ikiwa safari ni ya siku au wiki, wafanyakazi ni wachache na msomaji wako hupiga hesabu, mnara utakutumikia, pamoja na milango ya sakafuni yenye makomeo na ngazi zinazopishana. Ikiwa safari ni ya miaka, au watu wamezaliwa humo, chagua gurudumu, na uamue nusu kipenyo kabla ya kuchora chumba hata kimoja. Weka milango ya kizibo kati ya vipande vya pete na ya kuteleza ndani yake.

Ikiwa hadithi iko karibu na leo, kuelea ndiko kunakoaminika, kwa milango midogo, vishikio na vali. Kwa katuni ya kila wiki yenye kurasa chache, kitabu cha watoto, au mchezo ambao wachezaji wake hawataki fizikia, sakafu ya kubuni si uvivu. Andika tu majibu ya yale maswali mawili pembeni mwa ramani.

Anayeshindwa kuchagua kati ya mnara na gurudumu anaweza kuviunganisha kwa vyumba vinavyoning'inia kwenye egemeo na kugeuka pale injini inapowashwa au mzunguko unapoanza. Ajue tu kwamba kila chumba kitahitaji kukutana na ushoroba katika hali mbili tofauti, kwa hiyo kitakuwa na milango miwili ambayo mmoja hutazama ukuta mtupu wakati wote, na katika dakika chache za kugeuka hakuna hata mmoja utakaofunguka. Kabla ya kuchora meli nzima ya namna hiyo, ningechora jiko, zahanati na njia iliyo kati yake peke yake, mara moja kwa kila hali, na kumpitisha mpishi humo.